Darubini Kwanza, Programu Baadaye

Wapenzi wa ndege huniuliza sana swali hili: ninunue simu gani yenye "zoom" kubwa? Jibu langu huwaudhi wengi. Usinunue simu. Tafuta darubini ya kutazamia ndege, ile ya bomba moja inayosimama juu ya miguu mitatu, kisha upige picha kupitia lenzi ya jichoni kwa simu uliyo nayo.

Mkate wangu hutoka kwa kuandika programu, kwa hivyo msidhani nazichukia. Lakini simu ikikuza picha kupita uwezo wa lenzi yake, haioni zaidi, inakisia. Mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa Reddit aliitia ukungu picha ya mwezi, akaiweka kwenye skrini ya tarakilishi na kuipiga kwa simu ya Samsung. Ikatoka na alama za mwezi ambazo kwenye skrini hazikuonekana! Hapo unaweza kucheka tu, kwani sura ya mwezi inajulikana. Sasa nenda hori ya Mida, karibu na Watamu, maji yakipwa. Ndege waliohama kutoka Ulaya na Asia wanachokora matope, na ukibahatika utamwona mmoja mwenye pete ya herufi mguuni. Herufi hizo ndizo hueleza alivishwa pete wapi na lini. Programu ikikisia kuwa P ni R, umeandikisha ndege mwingine kabisa, na hakuna atakayejua.

Kioo hakikisii. Chukua darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 80, ukuze mara 20. Gawa 80 kwa 20: mwanga unatoka kwenye lenzi ya jichoni ukiwa na upana wa milimita 4. Tundu la lenzi ya simu nyingi halizidi hapo, kwa hivyo simu inashiba. Ukikuza mara 60, upana unabaki kama milimita 1.3 na picha inafifia. Hii tamaa ya kuzungusha hadi mwisho siielewi, hasa adhuhuri, joto likichezesha hewa juu ya matope.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1999 Laurence Poh wa Malaysia alikuwa akipiga ndege hivi kwa Nikon Coolpix 950, kamera ya megapikseli 2 tu, na Mfaransa Alain Fossé akaupa mtindo huo jina: digiscoping.

Mtasema darubini nzuri ni ghali. Kweli, ni ghali. Lakini kikundi cha watu ishirini kikichanga na kununua moja, kila mmoja atakuja na simu yake, hata ile kuukuu. Darubini haina betri wala haiombi kusasishwa. Simu ya bei hiyo itakuwa imezeeka baada ya miaka michache.

Adapta ya kushikilia simu inasaidia sana, mkono hutetemeka. Ukiona duara jeusi pembeni mwa picha, sogeza simu mbele au nyuma kidogo hadi lipungue. Weka taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise darubini. Na kabla ya kupiga pete yoyote, ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kila kinachodai kuboresha picha.