Binti akisema "nalisha seli", msikilize kwanza

Baba mmoja wa Morogoro ameniandikia akiwa na dukuduku. Binti yake alimaliza shahada ya baiolojia, akapata kazi Uingereza kwenye maabara ya chuo kikuu inayotafiti seli shina. Cheo chake ni fundi sanifu wa maabara.

Mzee ana mambo matatu yanayomnyima usingizi. Jumapili asubuhi binti hapokei simu, na akiulizwa anasema alikuwa "analisha seli". Kuna muumini mwenzake aliyemwambia kuwa kazi hiyo ni kuua vichanga. Na kaka yake mkubwa, mwenye mjukuu anayeugua selimundu, anataka binti "atume hata kichupa kimoja" cha hizo seli.

Mzazi mwenzangu, tuanze na seli yenyewe. Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Inaweza kujigawa ikatoa nyingine kama yenyewe, na inaweza kugeuka ikawa seli ya damu, ya moyo au ya neva. Watafiti wanazitumia kujua mwili unavyojijenga, ugonjwa unavyoanza na dawa zinavyofanya kazi.

Sasa hilo la kulisha. Si uongo. Seli hizi hukaa kwenye visahani vya plastiki, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37 kama la mwili wa mtu, zikiwa zimezama kwenye majimaji yenye virutubisho. Zile zenye uwezo wa kugeuka karibu seli yoyote kwa kawaida hubadilishiwa majimaji hayo kila siku. Zikisahauliwa, hufa au huanza kugeuka ovyo, na kazi ya miezi ikapotea. Zikijaa kwenye kisahani, hugawanywa. Za akiba hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Seli hazijui Jumapili wala Idi, ndiyo maana mafundi huingia kwa zamu.

Kazi hiyo inataka mkono safi na moyo mwaminifu. Bakteria au ukungu ukiingia kwenye kisahani kimoja, unaweza kuharibu kabati zima. Wapo bakteria wadogo mno wasioonekana kwa hadubini ya kawaida, hivyo lazima seli zipimwe mara kwa mara. Lebo ikikosewa, watafiti watatangaza matokeo ya seli ambazo sizo. Yametokea: mwaka 1966 mwanasayansi Stanley Gartler wa Marekani alieleza kuwa seli za aina mbalimbali zilizokuwa zikitumika maabara zilikuwa zimevamiwa na aina moja tu, iitwayo HeLa. Kwa hiyo anayeshika kalamu ya lebo si mtu mdogo. Ndugu wakiuliza "kwani si daktari?", jibu bila aibu: hapana, ni fundi ambaye bila yeye utafiti huo hausimami.

Jambo la pili ni la imani, na halifai kupuuzwa. Seli shina zinapatikana kwa njia zaidi ya moja. Zipo zinazotokana na viinitete vya siku chache, ambavyo wenzi waliotungishiwa mimba maabara hawakuvihitaji tena, wakaridhia kwa maandishi vitumike kwenye utafiti. Uingereza kazi hiyo inahitaji leseni, na kiinitete hakiruhusiwi kukuzwa zaidi ya siku 14. Hata hivyo kiinitete huharibiwa, na wapo waumini wanaolikataa hilo kwa dhati.

Njia nyingine haigusi kiinitete kabisa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake Kazutoshi Takahashi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walichukua seli za kawaida za panya wakazirudisha kwenye hali ya seli shina. Mwaka 2007 wakafanikiwa kwa seli za ngozi ya binadamu, na mwaka 2012 Yamanaka alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Maabara nyingi leo hutumia seli za aina hiyo. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mwanao, muulize: seli zenu zinatoka wapi, na aliyezitoa aliridhia? Ni swali la heshima, na yeye analijua jibu.

La tatu ndilo la hatari. Seli za kisahani cha utafiti si dawa. Hazikuandaliwa kuingia mwilini, na baadhi zikidungwa zinaweza kuota uvimbe. Tena si mali ya binti. Akizitoa anaweza kupoteza kazi na kushtakiwa. Baba mkubwa asimpe mtoto wa watu mtihani huo.

Mjukuu ana njia za kweli. Kwanza ahudhurie kliniki ya selimundu bila kukosa na atumie dawa alizoandikiwa. Pili, familia imuulize daktari kuhusu upandikizaji uloto, ambao kwa hakika ni tiba ya seli shina za damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshawafanyia watoto wenye selimundu. Si kila mtoto anafaa, una hatari zake, na mara nyingi hutafutwa kwanza ndugu wa baba na mama mmoja ambaye vipimo vyake vinalingana. Lakini mtu akikuuzia sindano moja ya "seli shina" inayotibu kisukari, usonji na kiharusi kwa pamoja, funga pochi yako.

Mwisho, ajira nyingi za utafiti vyuoni ni za mkataba unaotegemea fedha za mradi. Badala ya kumuuliza binti atatuma nini mwezi huu, muulize mkataba unaisha lini, anaweka akiba kiasi gani, na kama anapanga kuongeza elimu. Muulize pia zamu yake ya wikiendi inaisha saa ngapi. Hiyo ndiyo saa ya kupiga simu.

Tukutane wiki ijayo.