Kombora lilianguka kwa jirani

Juni ikifika, ushuhuda wa aina moja husikika katika makanisa ya Kisangani. Muumini anasimama na kusimulia vita vya siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji usio wao. Anamalizia hivi: makombora yalipita juu ya nyumba yetu, Mungu ni mkubwa. Watu wanapiga makofi.

Ila makombora hayo yalianguka mahali. Mamia ya raia waliuawa. Huenda aliyezika watoto wake wiki ile yuko kiti cha nyuma, naye anapiga makofi.

Primo Levi, Myahudi wa Italia aliyetoka hai Auschwitz, aliliona jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1947 anamtaja mfungwa mzee aliyemshukuru Mungu kwa sauti baada ya kuachwa siku ya kuchagua watakaouawa. Kitanda cha jirani alikuwepo kijana wa miaka 20 aliyekwisha kuchaguliwa kwenda chumba cha gesi. Sala ile ilimchukiza Levi kabisa.

Levi hakuwa mtu wa dini, mtu anaweza kusema. Basi amsome Elie Wiesel, aliyelelewa katika sala. Katika La Nuit, kilichotoka mwaka 1958, anaeleza alivyoshindwa kumsifu Mungu kambini siku ya mwaka mpya wa Kiyahudi. Baadaye aliendelea kusali, na kugombana na Mungu pia, akabaki Myahudi miongoni mwa Wayahudi.

Mjane wa Makiso au Mangobo akiuliza Mungu alikuwa wapi siku zile, ataambiwa upesi asikufuru. Ajabu, maana Ayubu aliuliza makubwa zaidi, na kitabu chake kimo katika Biblia hiyo hiyo.

Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, milioni 225 kati yake kwa madhara ya watu, Ituri ikiwemo. Mfuko wa FRIVAO ndio uliopewa kazi ya kuwafidia waathirika. Wanastahili kila faranga. Lakini hasira waliyonayo kwa Mungu haina dirisha la kulipiwa pale, na kanisani pia haijapewa nafasi.

Mapadri na wachungaji wangeweza kuanza Juni ijayo: wamwite aliye kiti cha nyuma, wamsikilize mpaka amalize, na wasimdai haleluya.