Uwongo Nao ni Silaha



Wako watu wasemao kwamba maneno hayaui. Mimi sikubaliani nao. Hebu nikueleze habari ya mtu mmoja wa Ujerumani, kisha uamue mwenyewe.

Mtu huyo aliitwa Franciszek Honiok. Aliishi karibu na mpaka wa Polandi. Tarehe 30 Agosti 1939 polisi walimkamata. Kesho yake usiku, askari wa siri wa Hitler walijifanya Wapolandi, wakavamia kituo cha redio katika mji wa Gleiwitz, ndani ya Ujerumani yenyewe. Wakatangaza maneno machache kwa Kipolandi. Honiok akaletwa pale akiwa amelevywa kwa dawa. Akapigwa risasi, na maiti yake ikaachwa ili iwe ushahidi. Redio za Ujerumani zikatangaza kuwa Wapolandi wameshambulia. Alfajiri ya tarehe 1 Septemba majeshi ya Hitler yaliingia Polandi. Mipango ya vita ilikuwa tayari zamani. Kilichotafutwa ni kisingizio tu.

Vita hivyo havikuwa vya askari peke yao. Mkulima alivilisha, mfanyakazi wa kiwandani alivitengenezea silaha, na mabomu yaliua hata watoto wachanga. Vita vya namna hiyo haviendi bila kuteka mioyo ya watu wote. Kwa hiyo Hitler alikuwa na waziri wa propaganda, Joseph Goebbels. Tangu mwaka 1933 ziliuzwa redio za bei nafuu, ili kila nyumba isikie sauti moja.

Redio ya bei nafuu ni kitu chema, nani asiyeitaka? Lakini vita vilipoanza, kusikiliza redio za nchi nyingine kulikuwa kosa. Aliyeeneza habari za huko aliweza hata kuuawa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo palipokuwa na ubaya kuliko uwongo wenyewe. Ukisikia habari kwa watu wawili, unaweza kuwauliza: Nani aliona? Nani anapata faida? Mwenye kusikia sauti moja tu atalinganisha na nini?

Mapema mwaka 1943 Wajerumani walishindwa vibaya huko Stalingrad. Tarehe 18 Februari, Goebbels aliwauliza maelfu ya watu ukumbini Berlin kama wanataka vita vya kila mtu na kila kitu. Wakapiga kelele: Ndiyo! Watu hao walikuwa wamechaguliwa. Aliyekuwa nyumbani kwake alisikia kelele tu. Kama alikuwa na shaka, nadhani alijiona yuko peke yake. Vita viliendelea miaka miwili zaidi.

Waingereza nao hawakuwa malaika. Mwaka huohuo walianzisha redio iliyojifanya ya askari wa Kijerumani. Ilipiga muziki mzuri na kutoa habari nyingi za kweli, na katikati yake ikatia uwongo, kama sumu ndani ya uji. Wengine husema ilikuwa halali, kwa kuwa adui alikuwa Hitler. Labda. Lakini uji wa namna hiyo ni mgumu kuutambua kuliko sumu tupu.

Mnara wa redio wa Gleiwitz, uliojengwa kwa mbao, ungali umesimama. Mji huo sasa uko Polandi, nao unaitwa Gliwice.