Usiaibikie Ugali, Hasa Kama Unatembea Mbali

Watu wa Eldoret, tuongee kidogo. Siku hizi kila kikundi cha matembezi ya wikendi kina yule mtu wa kukwambia uache ugali, chapati na viazi, ule nyama, mayai na avokado pekee. Eti mwili utazoea kuchoma mafuta na utafika Iten bila kuchoka. Mimi naona hiyo stori ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo itakuangusha kwa mlima.

Tumpe haki yake kwanza. Akiba ya wanga mwilini ni ndogo, kama gramu 400 hadi 500 hivi kwenye misuli na ini. Mafuta tunayo kilo kadhaa, hata sisi wembamba. Ukitembea polepole huku mkipiga stori, mwili unatumia mafuta kwa wingi. Kwa hivyo mtu mzima wa afya aliyezoea kula wanga kidogo anaweza kutembea masaa mengi. Hapo hajadanganya.

Sasa ongeza mwendo. Ili kupata nguvu ile ile, mafuta yanahitaji oksijeni nyingi kuliko wanga. Na sisi tuko mita 2,100 hivi juu ya bahari, Iten ni karibu 2,400. Hewa yenyewe ni nyepesi, halafu unachagua mafuta yanayodai hewa zaidi?

Hii si maneno ya kijiweni. Mwaka 2017, Louise Burke na wenzake wa Australia walichapisha utafiti juu ya watembeaji wa kasi wa kiwango cha dunia, mchezo ule ule uliompa Samuel Gathimba wetu shaba ya kilomita 20 kule Gold Coast 2018. Baada ya wiki tatu za mazoezi makali, waliokula wanga kwa wingi waliboresha muda wao wa kilomita 10. Waliokula chini ya gramu 50 za wanga kwa siku walichoma mafuta vizuri sana, lakini walitumia oksijeni zaidi na muda wao haukuboreka.

Na hapa nyumbani? Mwaka 2004, Vincent Onywera na wenzake walichapisha hesabu ya chakula cha wakimbiaji 10 wa Kalenjin. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwa wanga, ugali na sukari vikiongoza. Dunia nzima inakuja huku kujifunza, halafu sisi tunaona haya kula sima mbele ya wageni!

Kinachoniuma zaidi ni hiki: mjomba wangu anatumia insulini, na tayari ameshauriwa kwenye kikundi aache wanga kabla ya kilomita 20. Jamani, sukari yake inaweza kushuka vibaya barabarani. Ushauri huo ni wa daktari wake, si wa mtu mwenye simu, mimi nikiwemo.

Ukitaka kupunguza wanga, sawa. Jipe wiki kadhaa kuzoea, tembea pole, usisahau maji na chumvi, na uweke ndizi mfukoni. Lakini kama mnashindana au mnapanda mlima, kula ugali wako jioni na unywe chai yako asubuhi. Chagua chakula kulingana na safari, usichague kwa sababu ya aibu.