Pikipiki si uhuni, kichwa wazi ndio uhuni

Jamani, niko hapa Birmingham. Nasikia shangazi zangu mnalalamika: napanga kwenda Wales kwenye mkutano wa waendesha pikipiki, eti nesi mwenye digrii kapotoka. Naomba tuelewane. Nitapita milimani kwenye mabwawa ya Elan, yanayoleta maji ninayokunywa hapa tangu 1904, karibu kilomita 118 kwa mteremko tu. Nisiyaone kwa nini? Na kofia nitavaa, hapa ni sheria tangu 1973. Hata kwetu sheria ipo, lakini ninyi mnaonisema mnapanda bodaboda mishikaki, na mtoto katikati, vichwa wazi! Ubongo ukiumia haushonwi kama kanga. Nunueni kofia kwanza, ndipo mnikemee. Ni hayo tu kwa leo.