Kindu: Bima isomwe mbele ya kutia sahihi

Tangu sheria ya 17 Machi 2015, SONAS haiko tena peke yake katika kazi ya bima nchini Kongo. Mwenye duka anaweza kuchagua kampuni, lakini asome mkataba: unataja mahali, mali na hatari zinazolipwa. Aliyeandikisha duka lake la Kasuku, kisha akavusha bidhaa hadi depo ya Alunguli, ngambo ya mto Lualaba, anaweza kuambiwa siku ya moto kwamba depo hiyo haimo. Dawa ni karatasi ya nyongeza, “avenant”, yenye sahihi za pande zote mbili. Ahadi ya mdomo haitoshi. Na mkataba ukiandikwa kwa Kifaransa, kampuni ziueleze kwa Kiswahili mbele ya kupokea faranga za mteja.