Nyamongo wapewe nyumba, si hundi peke yake

Kila mgodi wa North Mara unapohitaji eneo jipya, mjadala wa Nyamongo, wilayani Tarime, hugeukia tegesha: vibanda vinavyoinuliwa haraka na miche inayopandwa usiku ili mthamini akute cha kuhesabu. Udanganyifu huo upo, na anayeumia zaidi ni mwananchi aliyejenga kwa jasho la miaka, maana naye hushukiwa. Lakini tegesha imelelewa na utaratibu wenyewe. Fidia ikiwa ni fedha tu, nayo inapimwa kwa mabati, kuta na migomba, kibanda hugeuka biashara. Chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, miaka miwili ikipita bila malipo tathmini huisha nguvu na kazi huanza upya, na hapo mwenye kutegesha hupata nafasi ya pili.

Njia nyingine ipo kisheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya wakati, na kanuni zake za mwaka 2001 zinaruhusu ilipwe kwa kiwanja au shamba linalolingana na lililochukuliwa, kwa nyumba, kwa miche, hata kwa nafaka. Tumezoea hundi kwa sababu ni nyepesi kwa mlipaji. Anayelipwa wa Kewanja au Matongo huanza kusaka kiwanja katika eneo ambalo bei imekwisha kupandishwa na fidia ileile, kisha hujenga pasipo barabara wala maji, pengine kwenye njia ya upanuzi ujao. Na katika boma la Kikurya, ambako kila mke ana nyumba yake, hundi hutoka kwa jina moja, la mume. Nyumba kwa nyumba ingemhesabu kila mama.

Wapo watakaosema watu wenyewe wanataka fedha. Wengine ndiyo, na wasilazimishwe. Ila uchaguzi usio na kiwanja kilichopimwa mezani si uchaguzi. Wapo watakaosema halmashauri haina uwezo. Gharama ya kuhamisha watu ni ya mwenye leseni, na Halmashauri ya Wilaya ya Tarime hupokea ushuru wa huduma wa mgodi, mbali na fedha za uwajibikaji kwa jamii. Serikali nayo, tangu makubaliano yake na Barrick, mmiliki mkuu wa mgodi, yaliyozaa kampuni ya Twiga, ina asilimia 16 ya hisa za mgodi. Haiwezi tena kujiita mwamuzi tu. Na kulipa nyumba kwa nyumba kunawezekana: mradi wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, uliahidi makazi mapya kwa kaya 644 zilizoondolewa, na mwaka 2022 majengo yalikabidhiwa. Wakazi hao walisubiri mno, lakini walirudi kwenye nyumba.

Madiwani wa Tarime waanze na upimaji wa mji wa Nyamongo nje ya mipaka ya leseni, viwanja viwe tayari kabla mthamini hajaingia kijijini, na orodha ya watakaohama ibandikwe ofisi ya kijiji siku tathmini inapofungwa.